Kiraka cha goti la jinzi

Okayama, Japani

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo imeanza na mimi nishatoa mablanketi yote. Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza ule ushonaji niliokutumia picha yake, uzi mweupe juu ya jinzi la buluu, ni kitu gani, na kama unaweza kuutia kwenye goti la suruali ya mwanao. Unaweza, tena kunishinda mimi, maana mkono uliozoea kushona kofia hauogopi kazi ya sindano moja moja. Lakini jinzi lina inda zake, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Kazi yenyewe wanaiita sashiko. Ukiiona kwenye picha unadhani ni pambo, kumbe pambo lilikuja baadaye. Sifa zake kubwa ziko kaskazini, Aomori na Yamagata, ambako theluji hukaa miezi na pamba haioti. Wakulima wa huko walivaa nguo za asa, mmea uleule wa bangi, usinicheke. Nyuzi zake ngumu, kitambaa chake kimeachana, upepo unapita utakavyo. Na hata pamba ilipopatikana haikuwa ya kila mtu: mwaka 1724 watawala wa Tsugaru, upande mmoja wa Aomori, waliwapiga marufuku wakulima kuvaa nguo za pamba. Basi wanawake wakawa wanaziba uwazi wa kitambaa kwa uzi, mstari juu ya mstari, mpaka nguo ikawa nzito na yenye joto. Na kila upande una ubishi wake. Tsugaru wanahesabu nyuzi za kitambaa kwa witiri, majirani zao wa Nanbu wanahesabu kwa shufwa, na mwenye jicho akitazama nakshi anajua mshonaji ametoka wapi.

Kitakachokufurahisha ni kwamba pamba ilifika kaskazini kwa njia ya mitumba. Meli zilitoka Osaka zikapita Bahari ya Japani zimebeba, pamoja na bidhaa nyingine, nguo kuukuu za pamba. Watu wakanunua vipande, wakavipanga tabaka, wakavishona pamoja. Nguo moja ikarithiwa na mtoto na mjukuu, kila mmoja akiongeza kiraka chake. Masalia ya nguo hizo, boro, leo wanayagombania wakusanyaji, na wapo wafanyabiashara wanaochana suruali mpya kwa makusudi ili waibandike viraka na kuipandisha bei. Hayo mimi hayaniingii akilini. Goti la mwanao angalau limechanika kwa mpira.

Hapa nilipo mambo ni mengine. Kojima, upande wa bahari, kuna ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini. Udongo una chumvi, mpunga ukakataa, pamba ikakubali. Wakashona soksi za kitambaa, wakashona sare za shule, na mwaka 1965 wakaanza kushona jinzi. Siku hizi kuna mtaa mzima wa maduka ya jinzi, suruali zimetundikwa kwenye kamba juu ya njia. Ukija nitakupeleka, ila pochi uiache nyumbani.

Sasa tuje kwenye sindano. Bibi jirani anayenifundisha ana neno moja halichoki: sindano haitembei, kinachotembea ni kitambaa. Subana yao haivaliwi kwenye ncha ya kidole. Ni pete yenye kisahani kinacholala kiganjani, chini ya kidole cha kati, na tako la sindano linaegemea hapo. Sindano ni ndefu, unene wake ni mmoja karibu urefu wote. Unaishika kwa dole gumba na kidole cha shahada, imetulia, kisha mikono miwili inapandisha na kushusha kitambaa, nacho kinajikunja chenyewe kwenye sindano. Ukishajaza unasukuma kwa kiganja, unavuta uzi, halafu unapitisha vidole juu ya mshono kuukunjua mpaka kitambaa kilale sawa. Hapo kwenye kukunjua ndipo wengi wanapofanya haraka. Mshono usiokunjuliwa vizuri unabaki umekaza, na ukifua mara moja kiraka kinajikusanya katikati na hakinyooki tena hata kwa pasi.

Kwenye pamba nyepesi sindano inameza mishono kumi kwa mpigo. Kwenye jinzi mitatu, minne, basi. Ukilazimisha zaidi, sindano inapinda na kiganja kinakulaumu usiku. Kwa hiyo chagua suruali iliyofuliwa sana, na ndani usitie jinzi jingine. Tia kipande cha kanga kuukuu, ile iliyokwisha lainika. Kama suruali ni mpya ifue kwanza peke yake, kwani nili itachuja na uzi mweupe utaingia ubuluu. Bibi mwenyewe hajali, anasema utapauka, lakini nakujua wewe na weupe wako.

Kabla ya yote fumua mshono wa ubavuni, kuanzia chini ya goti mpaka nusu ya paja, kwa sababu ndani ya mguu wa suruali mkono haupati nafasi ya kukunja kitambaa. Fumua wa nje, usiguse wa ndani ya mapaja. Ule mara nyingi umekunjwa na kupigwa mistari miwili, na kuurudisha ni shughuli. Ukimaliza unaufunga kwa cherehani dakika mbili.

Kuhesabu nyuzi kama watu wa Tsugaru hutaweza, maana jinzi limefumwa kwa mshazari na macho yanateleza. Chora. Kipande cha sabuni kavu kinatosha, miraba ya nusu sentimita, na nakushauri uchore juu ya kanga upande wa ndani kisha ushone kutoka huko, kwa kuwa nakshi hii inatoka pande zote mbili. Anza na mistari ya wima yote, kisha ya ulalo ikatize juu yake, utapata vialama vya kujumlisha vimejipanga goti zima. Ile nakshi ya jani la asa, ambayo huku waliitia kwenye nguo za watoto wachanga ili wakue haraka na kunyooka kama mmea wenyewe, iweke kwa baadaye. Ina pembe nyingi na goti halina subira.

Fundo usipige. Anza kwa kurudi nyuma mishono mitatu, kisha upite juu yake kwenda mbele. Hakuna kitakachomkwaruza mtoto. Ukifika mwisho wa mstari na kugeuka, acha uzi ulegee kidogo upande ambao hautaonekana, maana goti linakunjwa kutwa na uzi uliobana ndio unaokatika. Mishono yenyewe iwe minene na mifupi kama punje za mchele. Bibi hapimi kwa rula, ila ukikosea anajua kabla hujafika mwisho wa mstari.

Uzi usiutafute huko. Uzi wa kudarizi unang'aa na kupasuka, wa cherehani ni mwembamba mno, utakata kanga. Ninakutumia wa hapa, pamba tupu, msokoto wake umelegea, pamoja na sindano mbili na subana. Kuna kijana wa Kiunguja anayesoma hapa anakuja huko likizo, nimeshamwomba. Subana ina vipimo, kwa hiyo zungusha uzi kwenye shina la kidole chako cha kati cha kulia, uupime kwenye rula, uniletee namba kabla ya Ijumaa. Na unipigie picha ya goti lenyewe, nione kama limechanika kwa upana au limelika tu, maana likiwa limelika nyuzi nyeupe za ulalo bado zipo na kazi itakuwa nyepesi.

Msalimie mama, na huyo mchezaji wako.

Shoga yako,
Zuhura