Risala ya Kikundi cha Wapagazi, Wapishi na Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro kwa Mgeni Rasmi, Marangu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Kwa kazi yetu, neno hilo hatulisemi kwa mazoea. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi na kufika Marangu, tena kwa saa iliyoandikwa kwenye barua, jambo ambalo uwanja huu haujalizoea.

Historia hatutairefusha. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, mizigo yao haikujipandisha. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa hapahapa Marangu ndiye wazee wetu wanayemtaja kuwa aliwaonyesha njia. Sisi ni wajukuu wa kazi hiyo. Kikundi kilianza na wanachama 11 chini ya mparachichi, leo tuko 64.

Mheshimiwa, tumepiga hatua kubwa. Tumefungua akaunti benki, na ina fedha. Tumenunua viti vya plastiki 40, kikiwemo ulichokalia. Wanachama 18 wamesomea huduma ya kwanza kwa siku mbili, na vyeti vyao vimetundikwa ofisini. Ofisi ni chumba cha mhazini, lakini kufuli ni jipya.

Baada ya mafanikio hayo, Mheshimiwa, tunaomba sikio lako.

Mlima huu una mita 5,895. Kule kileleni kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Dar es Salaam. Anayezidiwa kichwa humgonga, hutapika, kisha huanza kuyumba. Mwenzetu mmoja alisutwa kwamba amepanda na gongo mfukoni, kumbe ubongo ulikuwa unavimba. Mwingine maji humjaa mapafuni. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni kushuka, na kushuka saa hiyohiyo.

Sasa, safari ya kileleni huanza kama saa sita usiku. Watu huzidiwa saa tisa, saa kumi, gizani, upepo ukivuma. Helikopta zipo, zimeokoa wengi, tunazishukuru. Ila helikopta hungoja kupambazuke, hungoja ukungu ufunguke, na huuliza bima. Mgumu, yaani mpagazi, hana bima ya helikopta. Ana wenzake.

Mwaka jana mmoja wetu alizidiwa kambi ya Kibo, pale penye mita 4,720. Alikohoa povu la rangi ya waridi, na ukimwekea sikio mgongoni unasikia kama uji unaotokota. Machela iliyokuwa karibu ilishateremka jioni na mgeni, na machela ikishashuka, kuipandisha tena ni kazi ya nusu siku. Tukapata nyingine ya gurudumu moja, tairi limepasuka likafungwa kwa mipira ya tyubu, mpini mmoja umeungwa kwa fito ya hema. Tulikuwa wanane, wanne wakibeba, wanne wakipumua. Mpishi alimkinga kichwa kwa sweta lake kisigonge chuma. Tulipofika kwenye jangwa lile kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, gurudumu likang'oka, tukambeba mikononi hadi kambi ya Horombo. Alipona. Ndiye aliyekupokea mkoba ulipofika.

Ombi letu, basi, ni machela 4 za gurudumu moja, zenye mikanda ya kumfunga mgonjwa na matairi ya akiba, pamoja na mitungi ya oksijeni na vidhibiti vyake. Vidhibiti tunavisisitiza kwa sababu mtungi mmoja tulishapewa bila kidhibiti, na hadi leo unazuia mlango wa ofisi usifungwe na upepo.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Miaka miwili iliyopita, kwenye uwanja huuhuu, mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi machela hizohizo 4 kabla ya msimu wa Julai. Akina mama walipiga vigelegele. Alipigwa picha ameshika mpini wa machela tuliyoiazima kwa ajili ya shughuli, nayo ikarudi kwa wenyewe jioni ileile. Tumeandika barua 5. Moja ilijibiwa, kwamba suala letu linashughulikiwa. Julai mbili zimepita. Kwa kuwa hatukuuliza ni Julai ya mwaka gani, huenda kosa ni letu.

Hatusemi haya kukulinganisha na mtu. Ndafu imeiva na mbege ipo, utakula na kunywa hata ukiondoka bila kuahidi lolote. Ila mhazini amesimama kushoto kwako na kitabu cha ahadi. Ukurasa wa kwanza umejaa, isipokuwa safu ya mwisho iliyoandikwa "Imepokelewa". Ukurasa wa pili tumekuwekea wewe, na kalamu tumeijaribu asubuhi, inaandika.

Tunaomba kuwasilisha.