Kijitabu cha mheshimiwa hakina yatokanayo

Mhariri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo wa miwa katika Kaunti ya Kakamega. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 11. Katika mikutano yetu, tukishamaliza sala na kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, hatugusi jambo jipya kabla ya kupitia yatokanayo. Tulikubaliana tununue mbolea pamoja: imenunuliwa? Pesa alipewa nani? Risiti iko wapi? Aliyetumwa asipokuwa na jibu husimama akaeleza, nami naandika maelezo yake. Hata mwenyekiti husimama.

Mwezi uliopita mbunge mmoja wa huku kwetu, ambaye sitamtaja, alikuja barazani akatugawia kijitabu cha kazi yake Bungeni. Kurasa 24, karatasi inayong'aa, picha za rangi. Nilikipokea kwa mikono miwili, kwa maana ni haki yetu kujua anachokifanya Nairobi, na wabunge wanaojisumbua kutuandikia ni wachache. Ukurasa wa 11 unasema amedhamini miswada 3 na kuwasilisha hoja 9. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Jioni nilikaa karibu na dirisha na miwani yangu, nikausoma ukurasa huo upya, mstari kwa mstari. Majina ya miswada yapo. Tarehe za hoja zipo. Hakuna panaposema mswada upi umefika wapi, wala hoja ipi ilijibiwa na nani. Hakuna yatokanayo.

Ningeweza kunyamaza, Mhariri, kama nisingekuwa na kumbukumbu ya daraja.

Kuna mto mdogo unaotutenga na barabara kuu. Kiangazi trekta hupita kwenye maji bila shida. Mvua ndefu zikianza, trela iliyojaa miwa haivuki. Asiyelima miwa hajui maana yake, kwa hiyo niseme: muwa ukishakatwa haungoji. Ukilala shambani siku mbili, tatu, unakauka na uzito unapungua, na sisi tunalipwa kwa uzito. Wakataji umeshawalipa, wapakiaji wanadai chao, na kila siku jua linakula mapato yako ukiwa umesimama hapo unatazama.

Miaka kadhaa iliyopita, aliyekuwa mbunge wakati huo alipeleka hoja Bungeni kuitaka Serikali ijenge daraja hilo. Ilikuwa Jumatano asubuhi, kikao ambacho hutengewa shughuli za mbunge mmoja mmoja. Tulijazana katika hoteli ya sokoni kusikiliza redio. Hoja ilipopita kwa sauti za "ndiyo", wanaume walikumbatiana. Mheshimiwa aliporudi wikendi tulichinja fahali. Mimi nilitoa sufuria kubwa mbili na kilo 10 za mchele, na akina mama wenzangu wakabeba kuni tangu alfajiri. Mzee mmoja, jirani yangu, alisimama akasema sasa anaweza kufa kwa amani kwa kuwa jeneza lake halitabebwa majini. Alifariki baadaye. Jeneza lake lilivushwa na vijana wanane, maji yakiwa yamewafika mapajani. Nilikuwa nyuma yao nimebeba viatu vyangu mkononi.

Daraja halijajengwa hadi leo ninapoandika.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tulidanganywa. Ilinibidi nisome ndipo nikaelewa kwamba mheshimiwa yule huenda hakutudanganya, ila sisi hatukujua tunashangilia nini, na yeye hakutueleza. Hoja ikipita huwa azimio la Bunge. Azimio ni Bunge kusema: tunataka hivi. Halina pesa ndani yake, wala halimfungi mtu kama sheria inavyofunga. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinampa waziri anayehusika siku 60 kurudisha ripoti ya utekelezaji, na ipo Kamati ya Utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia mambo hayo hayo. Siku 60 zetu zilipita tukiwa bado tunasimuliana utamu wa nyama. Hakuna aliyemwuliza mbunge: ripoti imekuja? Ninajilaumu kwa hilo, kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwangu.

Na daraja lenyewe linahitaji bajeti. Katiba inataka makadirio ya matumizi yafike Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Aprili, na kamati inayoyapitia lazima iwasikilize wananchi. Hapo ndipo tungekwenda kupiga kelele, tukiwa na azimio letu mkononi kama ushahidi. Tulikwenda kuchinja.

Mswada ni kitu kingine kabisa. Mswada unatafuta kuwa sheria, na njia yake ni ndefu. Husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati, umma hutoa maoni, hujadiliwa katika somo la pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu na Kamati ya Bunge Zima, husomwa mara ya tatu. Ukigusa kaunti huenda Seneti. Ndipo humfikia Rais, ambaye ana siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha na sababu zake. Katikati ya njia hiyo unaweza kukwama popote, na Bunge likimaliza muhula wake kabla mswada haujamaliza safari, unakufa. Mbunge anayetaka kuurudisha anaanza upya. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimedhamini miswada mitatu" bado hajaniambia kitu. Mmoja unaweza kuwa sheria na miwili ikawa kaburini.

Mfano mzuri uko hapa hapa Kakamega. Mheshimiwa Emmanuel Wangwe wa Navakholo alidhamini Mswada wa Sukari wa mwaka 2022. Nasi katika kikundi tulikaa kuusoma mswada huo majuma mawili. Ulisomwa, ukajadiliwa, ukaenda Seneti maana kilimo kinagusa kaunti, na Rais akautia sahihi Novemba 2024. Ndio Sheria ya Sukari ya 2024 iliyorudisha Bodi ya Sukari na kuweka tozo ya asilimia 4 ya thamani ya sukari, inayotengenezwa nchini na inayoagizwa kutoka nje. Katika tozo hiyo, asilimia 40 imetengewa kuendeleza kilimo cha miwa na 15 miundombinu. Miundombinu, Mhariri! Nilipofika kwenye neno hilo niliweka kalamu chini nikaufikiria mto wetu. Safari ya mswada huo ilichukua kama miaka miwili, na kila hatua ingeweza kuandikwa kwa sentensi moja tu katika kijitabu.

Sisemi mswada usiofika una aibu. Hapana. Mheshimiwa Phoebe Asiyo wa Karachuonyo alipeleka hoja mwaka 1997 akitaka wanawake wapewe nafasi zaidi katika uongozi, na ikaangushwa. Mimi nilikuwa mama kijana wakati huo. Leo Katiba ya 2010 ina viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na sidhani tungefika huko bila akina mama walioanza kulisema jambo hilo Bungeni lilipokuwa bado linachekwa. Mheshimiwa Joe Donde wa Gem naye alipigania sheria ya kupunguza riba za mikopo mwaka 2000, benki zikaenda mahakamani, na sheria ikazuiwa. Miaka 16 baadaye Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini, akalirudisha wazo hilo na likawa sheria: riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kikundi chetu kilikopa wakati huo, nami niliweka hesabu, najua nafuu tuliyopata. Mwaka 2019 kipengele hicho kikafutwa. Ona basi: hata baada ya sahihi ya Rais, bado kuna yatokanayo.

Na kuna mbunge mmoja ambaye kazi yake kila Mkenya ameigusa bila kulijua jina lake. Muriuki Karue wa Ol Kalou ndiye aliyedhamini mswada ulioleta Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge mwaka 2003, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali. Madarasa mangapi, basari ngapi! Mwanangu wa pili alimaliza kidato cha nne kwa basari hiyo. Mswada wa mtu mmoja, hakuwa hata waziri.

Ndiyo maana kijitabu kile kiliniuma. Mbunge mmoja akishikilia jambo moja mpaka mwisho anaweza kubadilisha maisha ya mtoto asiyemjua, katika kaunti asiyowahi kulala. Sasa kwa nini atuhesabie idadi?

Nilichukua karatasi nikachora safu nne: jina, tarehe, hatua, yatokanayo. Mkaza mwanangu, ambaye ana simu nzuri na subira kuliko mimi, alinisaidia kutafuta kwenye tovuti ya Bunge, jioni tatu mfululizo, baada ya watoto kulala. Tukakuta mswada wa kwanza ulisomwa mara moja tu, haujarudi. Wa pili ulikufa na Bunge lililopita. Wa tatu uko mbele ya kamati, na kusema kweli ni mswada mzuri, unaohusu watu wanaofanya kazi ngumu bila bima. Kwa nini hakutuambia? Tungemwandikia barua mwenyekiti wa kamati, tungetoa maoni, tungemsukuma mbunge wetu na kumsaidia. Katika hoja tisa, saba zilipita. Jibu la waziri tulilipata kwa moja.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho kinaniudhi kuliko vyote. Miswada yote mitatu imeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu zenyewe zimetafsiriwa kwa Kiswahili, basi hawawezi kusema haiwezekani. Tulipoukalia ule Mswada wa Sukari tulilipa shilingi 10 kila ukurasa kuuchapisha katika duka la kompyuta mjini, kisha kijana wa jirani anayesoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akatufafanulia, kifungu baada ya kifungu, huku chai ikipoa. Kijana ni mwerevu, lakini yeye si mwanasheria, na mara mbili alikiri kwamba hajaelewa. Wazee walioanza kulima miwa kabla hajazaliwa walinyamaza tu. Mmoja aliondoka. Alisema atarudi mswada ukiwa wa watu. Unamwombaje mtu huyo maoni?

Ombi langu kwa mbunge aliyetoa kijitabu, na kwa wenzake wa Kakamega, Bungoma, Busia, Vihiga na kwingineko: toleo lijalo liwe na safu ya nne. Kwa kila mswada, andikeni umefika hatua gani, tarehe gani, umekwama kwa nani, na sisi tufanye nini. Kwa kila azimio, andikeni siku 60 ziliisha lini na waziri alisema nini. Muhtasari wa kila mswada uwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha. Picha mnaweza kupunguza.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo zaidi. Kila Jumatatu gazeti lako hutoa jedwali la ligi, nani amecheza, nani amefunga, nani ameshuka. Vijana wa hapa wanalijua kwa moyo. Tupe jedwali kama hilo la miswada ya wabunge wetu, hata mara moja kwa mwezi. Nimeambatisha nakala ya karatasi yangu ya safu nne ili uone jinsi inavyoweza kupangwa. Mwandiko si mzuri, nao mstari wa hoja ya sita umepigwa kalamu nyekundu kwa sababu tarehe yake niliiandika vibaya mara ya kwanza.

Kuhusu daraja, Katiba katika kifungu cha 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tumeanza kukusanya sahihi. Hadi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa na majina 214, na mjane wa yule mzee ametia kidole chake cha gumba katika mstari wa kwanza. Mkutano wetu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Ombi hilo nimeliweka katika yatokanayo, namba moja.

Katibu, kikundi cha wakulima wa miwa,
Kaunti ya Kakamega