Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayekwenda kutafiti familia

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeisoma hojaji uliyonitumia, ukurasa kwa ukurasa, na nimefurahi kuona ulivyojiandaa. Umeuliza umri wa mama, elimu yake, idadi ya watoto wake, umbali wa kituo cha afya na njia anayotumia kupanga uzazi. Hata hivyo, hakuna mahali ulipomuuliza mama huyo alizungumza na nani kabla ya kukata shauri, na kwa maoni yangu pengo hilo linaweza kuudhoofisha utafiti wako wote. Nimeona nikuandikie hadharani kwa kuwa wanafunzi wengine wa sosholojia nao huenda nyanjani na pengo hilohilo.

Tafakari ukubwa wa jambo unalolichunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa wastani wa watoto 8 maishani mwake, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wastani huo umeshuka hadi 3.4. Mpango wa serikali wa kupanga uzazi ulianza mwaka 1967, na kwa zaidi ya miaka kumi huduma zilikuwepo huku familia zikizidi kuwa kubwa. Umbali wa kliniki peke yake hautakueleza kwa nini mabadiliko yalikawia namna ile, kisha yakaja kwa kasi.

Ndiyo maana ninakusihi uisome kazi ya Susan Watkins, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Katika miaka ya 1990, yeye na wenzake walifanya utafiti Nyanza ya Kusini, magharibi mwa Kenya. Waliwauliza wanawake walioolewa, na waume zao pia, wamezungumza na watu wangapi kuhusu kupanga uzazi, kisha wakadadisi habari za watu hao mmoja mmoja: je, ni wifi, mke mwenza au jirani, na je, yeye mwenyewe anatumia njia yoyote? Walibaini kwamba maelezo ya muuguzi, hata yawe sahihi kiasi gani, yalikuwa mwanzo tu. Mwanamke aliyaleta nyumbani akayapima kwa yaliyowapata wanawake wa hali yake, wanaolima kama yeye na wenye waume kama wake, kwa sababu aliamini kwamba lililomdhuru jirani kwa sindano au vidonge lingeweza kumdhuru yeye pia.

Lililonigusa zaidi ni kwamba mazungumzo hayo hayakufanya kazi ya aina moja kila mahali. Penye shughuli nyingi za soko, watu walijifunza mambo mapya kutoka kwa wengi wasiojuana wao kwa wao. Pasipo na soko kubwa, ambapo marafiki wa mama wote walifahamiana, mazungumzo yaliweza kuwa shinikizo la kumfanya afuate wanavyofanya wenzake. Hojaji yako, kwa jinsi ilivyo sasa, itawahesabu wanawake hawa wawili kana kwamba ni mmoja.

Baadaye Watkins aliendelea Malawi, na kuanzia mwaka 1999 vijana wa vijijini waliajiriwa kuandika katika madaftari ya kawaida ya shule waliyoyasikia watu wakisema kuhusu UKIMWI, kisimani, matangani au ndani ya basi. Hawakunukuu papo hapo. Walisikiliza, wakaenda nyumbani kuandika kwa kumbukumbu. Madaftari hayo yalionyesha watu wakibishana, wakishauriana kuhusu talaka na uchaguzi wa mchumba, na kutafuta njia zao za kujikinga, mambo ambayo jibu la ndiyo au hapana lisingeyafichua. Wako watakaokuambia kwamba huo ni umbea usiostahili kuingia katika tasnifu. Usikubali.

Basi ongeza sehemu moja katika hojaji: mwombe kila mama awataje watu aliozungumza nao, si kwa majina bali kwa uhusiano wao naye, kisha uliza kama watu hao wanafahamiana. Waulize na waume, kila mmoja faraghani. Ukiamua kuweka daftari, majina na alama zozote za kumtambulisha mtu zisiingie humo kabisa, maana kijijini siri ya mke ikimfikia mumewe kupitia utafiti wako, atakayeumia ni mke huyo. Niletee rasimu mpya kabla hujaipeleka kwa msimamizi wako.

Mjomba wako.