Mheshimiwa Waziri, mbunge wetu yuko wapi?

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kazi iendelee, ingawa pampu yetu imekataa kuendelea.

Jumanne imeungua. Kisima kina meta 90, pampu ilitundikwa meta 60, na kiangazi maji hushuka chini ya hapo. Mota ya pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayoizunguka. Ikizunguka kavu, imekwisha. Waya wa kihisi wa kuizima maji yakipungua fundi ameukuta umeviringwa ndani ya boksi la umeme, haujawahi kuunganishwa. Pengine mkandarasi alikuwa anawahi uzinduzi wako. Jiwe lenye jina lako, kwa taarifa yako, bado linang'aa. Sasa dumu la maji la lita 20 tunanunua shilingi 500.

Ulipokuwa diwani, baraza zima lilikujua kwa kelele. Ulipoingia bungeni 2015, uliuliza swali la msingi, ukaongeza mawili ya nyongeza, na kwenye bajeti ya maji ukashika shilingi ya waziri, yaani ukagoma bajeti yake isipite, mpaka akaahidi kisima. Ukawa naibu waziri, kisha waziri kamili. Tulichinja mbuzi! Kumbe tulikuwa tunaaga mdomo wetu. Katiba inataka mawaziri watokane na wabunge, ibara ya 55, halafu ya 53 inawawajibisha kwa pamoja mbele ya Bunge. Waziri hasimami kumbana waziri mwenzake, na shilingi yake haishiki. Wiki iliyopita tulikusikia ukimjibu mbunge wa jimbo jingine kwamba Serikali iko mbioni. Mbio hizo huku kwetu zinapita lini?

Usituambie umebanwa na Mtumba, huko mji wa Serikali Dodoma. Sheria ya mfuko wa maendeleo ya jimbo ya 2009 inamfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo, na uwaziri haukukuvua kiti hicho. Muhtasari wa mkutano wa kijiji tunao. Makisio ya fundi tunayo: pampu, kebo, kihisi, na mabomba mawili ya meta 6 ya kuishusha hadi meta 72. Barua tatu amepokea katibu wako, akagonga mhuri.

Kinachokosekana ni kikao cha kamati hiyo. Hatuombi kisima kipya wala ziara ya msafara. Itisha kikao, Mheshimiwa. Kikao tu. Ofisi ya kata ipo wazi, viti tutabeba wenyewe. Maji ya kunywa uje nayo.

Wakazi wa kata yako ya zamani