Tembo walindwe, na shamba pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wakulima wa Liwale tunaopakana na Pori la Akiba la Selous.

Ujangili ulituumiza. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya 2014 ikakuta takriban 43,000. Leo wanalindwa, nami nafurahi kwa dhati. Lakini Aprili kundi lao lilimaliza ekari zangu 3 za mahindi kwa usiku mmoja. Tulipiga madebe hadi alfajiri, wapi!

Kanuni za mwaka 2011 zinatupa kifuta jasho, yaani malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, ila mtathmini wa hasara alinifikia baada ya wiki kadhaa, majani yameshaota. Atapima nini hapo? Aje mapema.

Zaidi ya fedha, tunahitaji kinga: kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo, na ukubwa wake wote, humkimbia nyuki, na asali tutauza. Halmashauri ianze na mashamba ya kando ya mto, ndiko wanakopitia.

Mkulima,
Liwale, Lindi