Umeme wa gereji: barua kwa shoga yangu wa Tanga

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu zako nimezipata, na za mama pia. Huku sote wazima, joto tu ndilo linatuonea. Umeniuliza habari ya gereji, maana na wewe unataka ile ya marehemu mzee uifanye darasa la tuisheni. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ungeanza kunicheka kabla sijafika nusu.

Gari tuliliuza, unakumbuka, chumba kikabaki cha baiskeli mbovu na makopo ya rangi. Mita tatu kwa sita, balbu moja katikati ya dari, swichi huko nje getini. Nikasema cherehani zangu zihamie hapa, watoto wapumue sebuleni. Nikatafuta fundi. Kijana mchangamfu, siku moja kamaliza: umeme kauchukua kwenye ile ile balbu, kateremsha waya mwembamba wa 1.5 (milimita za mraba) ukutani, kafunga soketi mbili, basi. Bei nafuu, nikamwongeza na soda.

Siku ya tatu nimewasha pasi, na jagi la maji ya chai liko kwenye umeme. Breka ya taa ikaanguka, nyumba nzima kiza. Nikaipandisha, ikaanguka tena. Nikamwita kijana. Akatazama, akasema breka hii ndogo, akaitoa ile ya ampea 10 akaweka ya 32. Haikuanguka tena. Nami nikamsifu!

Kama wiki mbili hivi, nasikia harufu ya vumba. Nikajua jirani kaunguza dagaa, nikaendelea kupiga pasi sare za shule. Baadaye nyoya zikanisimama: harufu inatoka nyuma yangu. Uso wa soketi umekuwa kahawia kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, na ukuta juu yake, palipopita waya, wa moto hata mkono hautulii. Nikakimbilia meni swichi. Usiku ule tulilala bila feni, mbu wakatufanya karamu.

Fundi wa pili ni mtu mzima, na safari hii niliomba leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, kabla hata ya kumkaribisha kiti. Hakukasirika, akaitoa mfukoni. Alipoifungua ile soketi, ganda la waya lilimwagika mikononi mwake kama maganda ya karanga. Akanifanyia hesabu pale pale. Pasi yangu wati 2400, jagi wati 2200. Gawa kwa volti 230, vyote pamoja ni ampea 20. Waya ule ni wa taa, na breka ya 10 ndiyo iliyokuwa ikiulinda. Akaniambia, "Mama, breka hailindi pasi, inalinda waya. Ikianguka, inakwambia jambo." Sasa fikiria, mimi nimemlipa mtu aizibe mdomo.

Halafu hakugusa hata patasi. Akaomba chaki. Meza ya kukatia itakaa wapi? Pasi unapigia upande gani? Friji utaleta? Nikachora ukutani kama mtoto wa chekechea, nikafuta, nikachora tena. Saa nzima! Lakini bila chaki ile ningeweka soketi nyuma ya kabati la vitambaa. Na wewe fanya hivyo hivyo: ubao uko wapi, feni wapi, wanafunzi watachaji simu wapi (watachaji tu, hata ukikataza).

Basi alivuta waya wa 6 kutoka kwenye breka kuu za nyumba, ukiwa na breka yake ya 32, hadi kisanduku kidogo ndani ya gereji. Humo taa zina breka ya 10 peke yake, soketi za cherehani zina breka ya 20 kwa waya wa 2.5, na pasi ina njia yake, nayo 20. Sasa pasi ikileta matata, sibaki gizani na mkasi mkononi. Soketi zote ziko juu ya usawa wa meza, kwa sababu mlango wa gereji yetu uko chini kuliko ua, na masika maji huingia ndani bila hodi. Mabomba ya waya kayashusha wima, hakuna hata moja lililokata kona kwa mshazari, ili kesho mtu akipigilia msumari ajue wapi asiguse.

Lipo jambo nililolificha hata kwa mume wangu. Kabla ya hapo, nikiwa peku, nikigusa chuma cha cherehani nilikuwa nasikia mtekenyo. Nikidhani ni uzee. Kumbe soketi za kijana hazikuwa na waya wa ethi kabisa, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja! Fundi wangu wa pili kazifunga zote na ethi, akachimbia fimbo ya shaba nje karibu na mpapai, na kwenye kisanduku akaweka RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja kupita mwilini mwa mtu. Ina kitufe cha kujaribia. Nakibonyeza kila mwisho wa mwezi, watoto wanapiga kelele televisheni ikiwa imeunganishwa humo.

Taa ndizo zilizonipendeza. Tyubu mbili za LED za futi nne, wati 18 kila moja, zimepangwa mbele ya cherehani na siyo nyuma, maana taa ya nyuma unashona kivuli cha kichwa chako. Nilinunua kwanza nyeupe ya kukausha macho, mteja akaona kitambaa chake cha damu ya mzee kimekuwa cha kahawia, nikabadilisha. Swichi ni za tuwei, moja getini na nyingine mlango wa ndani, siendi tena kuzima huku napapasa.

Mume ananiambia tyubu zinakula LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Nimempigia hesabu: saa nane za tyubu zote mbili hazifiki theluthi ya uniti, ila nusu saa ya pasi ikivuta moto wote inapita uniti nzima, na mashati ni yake.

Gharama yote nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, pamoja na ya kijana, usiionyeshe kwa mtu. Nipimie chumba cha mzee, urefu, upana, na useme meni swichi iko ukuta upi. Na kabla ya yote zima umeme kwenye meni swichi, kisha fungua kifuniko cha swichi ya ile balbu yake, uniambie waya ni rangi gani. Kama ni mwekundu na mweusi na umekakamaa, huenda ni wa zamani uliochoka, usimwite mtu wa kuongeza soketi juu yake.

Mbusu mama.

Mwenzio wa dawati la nyuma