Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wauza Vifaa vya Ujenzi Vilivyotumika, Dodoma

Ndugu wanachama,

Vikao vimefanyika, misiba tumezikana, uzio wa yadi umezibwa. Hayo mnayajua, sitawachosha.

Niende kwenye linalosemwa pembeni: daftari la kwenye simu, yaani programu ya kuandikia vifaa alivyonavyo kila mwanachama. Nasikia eti mwenyekiti kachukua hela ya paa akanunua programu. Kamati ilipitisha, muhtasari uko kwa katibu. Wazo nililileta mimi, sikatai. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba za zamani zinabomolewa kupisha mpya, na milango ya mninga, grili na mabati ya geji 28 yanakuja kwetu. Mteja wa Nkuhungu anatafuta mbao mbili kwa nne. Ziko kwa mwenzetu Kizota zinaliwa na mchwa, naye mteja, kwa kutojua, anaenda kununua mpya. Uholanzi wana mfumo wa Madaster tangu 2017: vifaa vya jengo vinaandikishwa likiwa bado limesimama, ili siku ya kubomoa ijulikane kuna nini ndani. Sisi tumeanzia kwenye rundo la vilivyokwisha kubomolewa: piga picha, pima, andika geji, bei, na mahali kilipotoka.

Hapo pa "kilipotoka" ndipo mliponuna. Mnasema ni kuchongeana. Aliyenunua bati kwa mwenye nyumba, wakaandikishana, anaogopa nini? Polisi wakiingia yadi, daftari ndilo litakalokutetea, maana mimi siku hiyo naweza kuwa Kondoa. Na nondo zilizonyooshwa hazitaandikwa humo kuwa za nguzo, hata mkinichukia. Chuma kilichokunjwa kikanyooshwa huweza kupata nyufa usizoziona kwa macho. Za banda la kuku, sawa.

Vifaa 412 vimeingia daftarini, 96 vimeuzwa kupitia humo. Wanachama tuko 58, waliolipa ada 31, deni ni shilingi 810,000. Mkutano wa Septemba tulikuwa 17, na wawili kati yao walifika chai ikiwa imeshamiminwa. Wengi wa wanaolalamikia hela ya programu wamo kwenye wale 27 ambao hawakutoa hata shilingi ya kuinunua. Majina sisomi, ila wanajijua.

Mwaka ujao tunatarajia kuzungumza na wakandarasi watuarifu kabla ya kubomoa na, Mungu akipenda, paa tuliezeke mvua hazijaanza.

Ada inapokelewa na mhazini, pale pale yadi, mwisho saa kumi jioni.

Mwenyekiti